Wasindikizaji wa Mawinguni

Saa saba kamili mchana mstari wa nne ulitoka, na Kijiweni kukawa hakukaliki.

"Mvua sasa italowesha."

Maneno matatu, basi. Hakuna picha, hakuna maelezo. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya karakana iliyoutengeneza mchezo wa Mawinguni: toleo jipya likikaribia, mapya yake hutangazwa mstari mmoja kwa siku, kwa siku saba, saa saba mchana, halafu watu huachwa wahangaike wenyewe. Na walihangaika kwelikweli. Watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, waliacha wali upoe sahanini wakakimbilia Kijiweni, baraza lao la mtandaoni, kubishana juu ya maneno matatu.

Jumapili walikuwa wameahidiwa farasi. Jumatatu, kwamba Mto Lufita utavukika, na hapo kuna waliotokwa na machozi, maana ng'ambo ya mto ule walikuwa wameitazama miaka tisa bila kuikanyaga. Jumanne, kwamba wenyeji wataoana. Leo, mvua.

"Ikilowesha, sisi wenye maduka ya chumvi tutakimbilia wapi?" aliuliza mmoja.

"Mimi nafungua duka la miavuli. Wahini."

"Mie nangoja mstari wa saba tu. Kitu kizito huwa wanakificha mwisho."

Kisha mtu aliyejiita Mkunga wa Lufita akauliza, "Na wale wanaosimama barabarani? Nao watalowa?"

"Wale ni mapambo," akajibiwa. "Mapambo hayashikwi na mafua."

Subilaga Mwakyoma aliyasoma hayo akiwa dirishani, ghorofa ya tatu ya karakana, mjini Tukuyu, huku ukungu umeyafunika mashamba ya chai yote hadi barabarani. Ndizi ya kuchoma aliyokuwa nayo mkononi ikamshinda kula. Katika jengo lile zima, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba wale hawakuwa mapambo. Alijua kwa sababu kosa lilikuwa lake.

Miaka kumi nyuma, toleo la kwanza lilipokuwa linaandikwa, Subilaga alipewa kazi moja: awafundishe wenyeji adabu. Wenyeji ni wale wanaoishi ndani ya mchezo wenyewe, wauza viazi na wafua chuma na walinda madaraja. Mchezaji huingia amevaa nafsi aliyojichagulia, labda mhunzi, labda mkunga, labda mrina asali, na wenyeji humpokea kama mgeni. Subilaga alilelewa na bibi yake huko Masoko, kwa hiyo aliandika adabu aliyoijua. Mgeni hasalimiwi kwa haraka. Mgeni haondoki mikono mitupu. Na mgeni akiondoka husindikizwa, wala mwenyeji hageuki nyuma mpaka mgeni mwenyewe amwambie, "Inatosha, rudi sasa." Bibi yake aliwahi kumsindikiza shemeji yake mpaka kijiji cha tatu, kwa sababu shemeji naye aliona haya kumwambia arudi.

Lililompita Subilaga ni kwamba wachezaji hawaagi. Mchezaji akiitwa kula, akipigiwa simu, au akichoka tu, huvua kofia inayomwingiza mchezoni, akatoweka katikati ya barabara na sentensi ikiwa nusu. Aliyekuwa anamsindikiza hubaki pale pale, uso umeelekea alikokuwa mgeni, anasubiri aruhusiwe. Miaka tisa hiyo barabara za Mawinguni zilijaa watu waliosimama ukunguni bila kusema neno. Wachezaji waliwapenda sana na walipiga nao picha.

* * *

Kila siku baada ya chakula cha mchana Subilaga alijifungia chumba cha majaribio, akalala mkekani na kuvaa kofia.

Kofia ile haimlazi mtu. Humfikisha kizingitini mwa usingizi tu, pale ambapo mwili umeshakuwa mzito lakini masikio bado yanaisikia saa ya ukutani. Hapo kizingitini ndipo Mawinguni ilipo. Mguu huhisi umande kwanza, kisha macho huyaona majani. Sauti ya mtu hufika kabla ya mtu mwenyewe, na mlima ukiutazama sana husogea kidogo, kwa haya. Waliowahi kwenda husema mtu hurudi kutoka huko ametulia, ila hakumbuki njia aliyopita.

Alifuata barabara ya mtoni, akawapita waliosimama: mzee mwenye kuku kwapani, mabinti wawili walioshikana mikono, fundi cherehani na futi yake shingoni. Kwenye kona ya tatu kabla ya daraja alisimama mwanamke wa makamo, kitenge begani, uso kuelekea mtoni. Huyo alikuwa Sikitu, muuza viazi.

"Hujambo, mama," alisema Subilaga.

"Sijambo, mwanangu. Pita tu. Mimi namsindikiza mgeni wangu."

"Yuko wapi?"

"Yuko papa hapa. Amenyamaza kidogo. Sasa hivi tu alikuwa anaongea."

Mgeni huyo alikuwa Gwakisa, mrina asali, mdogo wake Subilaga wa tumbo moja. Miaka miwili na miezi minne iliyopita alijilaza kwenye kochi la mama yao, akavaa kofia, akaenda kula viazi vya Sikitu. Alipokuwa anasindikizwa, mshipa ulipasuka kichwani mwake. Mama alikuja kumwita chai akamkuta ameshapoa. Hakumwachia mtu yeyote neno, si mama, si dada, si mchumba.

Ziara inayofungwa vizuri Mawinguni hukunjwa. Mwenyeji huchagua mwenyewe sentensi moja ya kubaki nayo juu ya mgeni wake, mengine yote yanaachiliwa, na ndiyo maana wenyeji hawaelemewi na mamilioni ya wapitao. Ziara isiyofungwa haikunjwi. Sikitu alikuwa na saa nne nzima za Gwakisa, neno kwa neno, pamoja na vicheko vyake na kukohoa kwake. Subilaga alikuwa akija kuzichota kidogo kidogo, kwa uchoyo, ili zisiishe upesi.

"Alikuambia nini kuhusu dada yake?" aliuliza.

"Huyo dada mkali? Amesema ugali wake ni mgumu kama tofali, naye huumaliza wote asije akamuudhi."

Subilaga alicheka, akacheka tena, kisha akakaa chini barabarani na kulia. Sikitu hakumwona akilia. Macho yake yalikuwa kwa mgeni.

* * *

Kiongozi wa toleo aliitwa Hamduni, mtu wa Pangani, ambaye miaka sita ya Tukuyu haikumzoesha baridi. Alivaa masweta mawili hata Desemba. Alhamisi asubuhi, siku ambayo mstari wa tano ungetoka, alimwita Subilaga mezani kwake amwonyeshe mstari wa saba.

"Wenyeji watajua muda."

"Umeupenda?" aliuliza akitabasamu. "Mpaka sasa kwao kila siku ni leo. Sasa fikiria, mchezaji anakaa miezi mitatu hajaingia, akirudi muuza duka anamwambia, ulipotelea wapi wewe, nilishaanza kukuwazia mabaya! Dada Subi, watu watalia."

Subilaga aliziona barabara zote zile na waliosimama humo.

"Kaka Hamduni," alisema, "wale wanaosimama barabarani wanasubiri."

Akamweleza yote: adabu aliyoiandika, wachezaji wasioaga, sheria inayomzuia mwenyeji kugeuka. Hamduni alisikiliza huku mikono ameificha ndani ya mikono ya sweta. Kisha akaivuta mashine na kuhesabu mwenyewe. Walikuwa laki nne na elfu kumi na mbili.

"Kwa hiyo watu laki nne," alisema taratibu, "wataamka Jumamosi mchana, toleo likitoka, wajue kwamba wamesimama miaka?"

"Ndiyo. Wengine tisa."

"Basi tuwafute. Leo hii. Tuwaanzishe upya majumbani kwao, hakuna atakayejua."

"Ukimfuta hajarudi nyumbani. Umemuua, ukaweka mwingine mwenye sura yake."

"Subi, usianze. Wale si watu."

"Wewe ndiye uliyewaita watu kwanza. Sasa hivi."

Hamduni alinuna. Alikuwa mtu mwenye haraka lakini hakuwa mtu mbaya, na akizidiwa hoja alikuwa na tabia ya kukubali kwa kununa.

"Unataka nini?" aliuliza hatimaye.

"Waagwe. Mchezaji arudi pale alipotowekea, aseme inatosha, rudi sasa. Muda tuuwashe baadaye, Jumatatu. Wale ambao wageni wao hawachezi tena, au wamefariki, tuwaruhusu wanaojitolea wavae nafsi zilizoachwa, wakaage kwa niaba yao."

"Na ziara zote hizo zitakunjwa."

"Zitakunjwa."

"Kila mmoja atabakiwa na sentensi moja." Hamduni alimtazama. "Nyingine hizo ndizo kumbukumbu za mwisho za watu, unajua? Kuna wenye ndugu zao humo."

"Najua," alisema Subilaga.

Hamduni alimpa mpaka kesho mchana. Amjaribu mwenyeji mmoja. Akirudi nyumbani salama, sheria iwe kwa wote, bila kubagua.

Subilaga aliandika sheria ile kwa saa tatu, na ilikuwa kazi safi, safi kuliko zote alizowahi kuandika. Alipomaliza alibaki akiitazama. Kisha, polepole, kama mtu anayeiba sukari kwenye nyumba ya watu, aliongeza neno dogo mwishoni. Neno hilo liliifunga nafsi ya Gwakisa, mrina asali, isivaliwe na mtu yeyote milele, ili saa zile nne za Sikitu zisikunjwe.

Alijitetea sana. Wengine laki nne si watakuwa wamerudi kwao? Mmoja ni nini? Tena atamtembelea kila siku, hatakuwa mpweke. Alijitetea mpaka chai yake ikapoa, na aibu haikumtoka, lakini neno hakulifuta.

* * *

Ijumaa saa nne asubuhi aliingia. Hakujua kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo wenzake walikuwa wameifunga wilaya ya Lufita kwa wachezaji na kuwasha muda humo, kwa majaribio.

Aliligundua hilo kabla hajafika konani. Mzee wa kuku alikuwa anamtazama kuku wake kwa mshangao. Mabinti wawili walikuwa wameachiana mikono na kunyoosha vidole, wanaugulia. Na Sikitu, ambaye hakuwahi kuangalia popote ila mtoni, alikuwa anaiangalia miguu yake.

"Mwanangu," alisema, "wewe ndiye unayekujaga hapa. Hebu niambie. Nina siku ngapi?"

Subilaga alitamani kusema uongo, ila ulimi ulikataa. "Miaka miwili, mama. Na miezi minne."

Ukungu ulipita kati yao, ukaenda zake mtoni.

"Nilibandika sufuria ya viazi," alisema Sikitu. "Nilisema namsogeza mgeni kidogo tu, narudi."

"Rudi nyumbani, mama. Mimi nakuruhusu."

"Wewe si mgeni wangu. Wewe umenikuta tu njiani." Hakusema kwa ubaya. "Yeye yuko hapa, namsikia kabisa alivyokuwa anaongea. Nikigeuka na hajaniruhusu, nitakuwa mtu wa namna gani?"

"Umechoka?"

"Sikuwa nimechoka. Leo ndiyo nimechoka." Akajishika kiuno. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kumwonea mtu, "Au nilimkosea? Mbona alinyamaza ghafla hivyo? Nimekumbuka kila nilichosema, kila neno, naangalia ni lipi lililomuudhi."

Hapo moyo wa Subilaga ulivunjika. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya hesabu hiyo hiyo miaka miwili na miezi minne, juu ya ugali, juu ya simu ambayo hakuipokea Jumapili ile. Alikuwa amedhani ni yeye peke yake anayeifanya. Kumbe alikuwa akija hapa kila mchana kuchota faraja kwa mtu aliyekuwa na kidonda kile kile, na kumwacha amesimama nacho.

Alivua kofia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, bila kuvaa viatu, akalifuta lile neno. Akaandika jina lake kama mtu wa kwanza aliyejitolea kuvaa nafsi ya marehemu. Kisha akarudi mkekani kabla hajabadili mawazo.

* * *

Safari hii mikono iliyomtangulia ukunguni haikuwa yake.

Ilikuwa mikono mirefu, yenye makovu madogo ya nyuki, na Gwakisa alikuwa ameichora mwenyewe siku alipojiunga, akijisifu kwamba mrina asali asiye na makovu ni tapeli. Begani kilining'inia kibuyu. Asali ilinukia. Subilaga alitembea kwa miguu ya mdogo wake, hatua ndefu kuliko zake, na kwa muda alisahau alikuja kufanya nini. Ilikuwa raha kuwa ndani ya mwendo ule. Angeweza kutembea hivyo mpaka jioni, mpaka mwaka uishe, na hakuna ambaye angemkataza.

Alijitokeza pale pale mgeni alipokuwa amesimama, hatua mbili mbele ya Sikitu.

Uso wa mwanamke yule ulifunguka.

"Ulinyamaza, baba!" alisema. "Nikadhani nimekuudhi."

"Hapana, mama." Sauti iliyotoka ilikuwa ya Gwakisa, na Subilaga aliisikia ikitoka kifuani mwake mwenyewe. "Hukuniudhi. Hakuna aliyeniudhi. Nilipatwa na jambo ghafla, sikuwahi hata kusema."

"Basi afadhali. Na nyumbani kwenu wazima?"

"Wazima, mama."

"Na yule dada yako?"

Subilaga angeweza kuuliza swali moja la mwisho. Kulikuwa na saa nzima ya tatu hajaigusa, saa ambayo Gwakisa huenda alisema kitu ambacho angekishika maisha yake yote. Sikitu alikuwa tayari kusimulia. Alikuwa na subira ya watu wa zamani. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa unatetemeka, akahamishia uzito kwenye wa kushoto, asimwonyeshe mgeni.

"Dada yuko salama," alisema Subilaga. "Viazi vilikuwa vitamu, mama. Umenifikisha mbali. Inatosha, rudi sasa."

"Haya, baba. Salimia huko uendako."

"Zimefika."

Sikitu aligeuka. Alitembea kwa tabu mwanzoni, kisha miguu ikakumbuka kazi yake, kitenge kikipepea mgongoni. Hakutazama nyuma. Subilaga alisimama kwa miguu ya mdogo wake mpaka ukungu ukamficha, na hata baada ya hapo aliendelea kusimama, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwambia yeye aende.

* * *

Mstari wa saba ulikuwa mrefu kuliko yote iliyowahi kutolewa, na Hamduni aliununia.

"Jumatatu wenyeji watajua muda. Kabla ya hapo, nenda ukaage."

"Ndiyo nini hii?" waliuliza Kijiweni. Walikuwa wamengoja majoka, meli za angani, vita. Wengine walitukana. Kisha Mkunga wa Lufita akaandika kwamba ameingia, amemkuta fundi cherehani aliyemwacha barabarani miaka minne, amemwambia arudi, na fundi amemshukuru na kumuuliza kama amekula. "Sijui kwa nini nalia," aliandika. Baada ya hapo matusi yalipungua. Jumamosi na Jumapili watu waliacha farasi wao wapya wamefungwa mitini na wakatembea kwa miguu, kila mmoja akiitafuta sehemu alipotowekea. Waliojitolea kuvaa nafsi za marehemu walikuwa elfu sitini, na wengi walikuwa ndugu zao. Jumatatu asubuhi barabara za Mawinguni zilikuwa tupu, na mvua ya kwanza yenye kulowesha ikanyesha juu yake.

Jumanne mchana Subilaga aliingia kwa nafsi yake ya kawaida. Alimkuta Sikitu kibandani, ameketi kwenye kigoda, sufuria inachemka. Walisalimiana kwa kirefu. Sikitu hakumkumbuka; wapita njia wasiosindikizwa hawakunjwi, husahaulika tu. Alimpimia viazi kwenye jani la mgomba.

Subilaga alikula kimoja. Alikuwa ameapa kutouliza.

"Mama," alisema, "aliwahi kupita hapa mrina asali mmoja? Mrefu, mwenye makovu mikononi?"

Sikitu alifikiri, mwiko mkononi, akiitafuta sentensi yake.

"Alipita," alisema. "Kijana mmoja aliyeaga vizuri sana."

Subilaga alijua ni nani aliyeaga. Alijua ni kinywa cha nani kilichoyatamka maneno yale, na siku gani, na kwa nini. Hata hivyo aliyapokea, akakaa nayo pale kwenye benchi, mvua ikipiga bati, mpaka viazi vikaisha.